Posa Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mpendwa Baba Zuhura,

Sitakuuliza hali. Najua barua njema huanza hivyo, na wewe mwenyewe uliwafundisha watoto wa watu kuanza hivyo kwa miaka mingi, lakini hali yako huko uliko anaijua Mola peke yake, nami kila nikitoka kuswali namwomba iwe njema. Hali yangu mimi nitakueleza. Nimekaa hapa barazani kwetu Mikindani, mahali petu pale pale, na nina neno ambalo sitaki ulisikie kwa mwingine.

Nimeposwa.

Usicheke. Naam, mimi, na umri huu na magoti haya yanayolia kila nikiinuka kwenye mswala. Na kwa kuwa mtaa mzima umeshajua kabla hata sijajua vizuri mwenyewe, naiandika barua hii wazi, waisome wote, wasipate tabu ya kuchungulia dirishani. Lakini kabla sijakwambia nimejibu nini, nataka kwanza tukumbuke posa yako. Maana haki ya Mungu, tangu posa hii ya pili iingie nyumbani, sijafikiri kitu kingine ila ile ya kwanza.

Tulikuwa tukifundisha shule moja, wewe Kiswahili, mimi Historia, na chumba cha walimu kilikuwa na meza moja ndefu. Wewe ulikaa upande wa dirisha. Mwaka mzima hukunisemesha zaidi ya "Mwalimu, chaki zimekwisha?" Nikasema moyoni, huyu ana majivuno ya watu wa Mikindani, wanaodhani wamezaliwa na kanzu mwilini. Kumbe mwenzangu ulikuwa unatunga.

Mshenga wako alipofika kwetu Mpapura, tulikuwa uani tunabangua korosho, mimi na mama, na Mjomba Bakari amekaa kwenye kigoda akitusimamia bila kugusa hata moja. Kwetu, unajua, binti haposwi mpaka mjomba wake akohoe. Mjomba akaipokea bahasha, akaifungua kwa heshima, akaitazama, kisha akakumbuka kwamba miwani yake imevunjika. Akaninyooshea mimi.

"Soma, mwalimu."

Mama akaruka. "Weee! Mwari anasoma posa yake mwenyewe?"

"Basi isome wewe, dada. Mikono yako imejaa mafuta ya korosho, uichafue barua ya watu." Mama akasogea karibu, maana alitaka kusikia kuliko sisi sote.

Nikasoma. Kurasa mbili, mwandiko umelala vizuri kama umepigiwa pasi. Baada ya salamu zikaanza methali. Penye nia pana njia. Subira huvuta heri. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Chanda chema huvikwa pete, na hapo nikavitazama vidole vyangu vilivyobabuka kwa korosho, nikashindwa kuvionea fahari. Ulisema utanitunza kama mboni ya jicho lako. Ulisema mapenzi yako ni ya dhati, na kwamba kila mtu anaijua tabia yako njema. Ukafunga kwa Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mjomba akangoja. "Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Nnauliza, huyu kijana anataka mke au anafanya mtihani? Hakusema anakaa na nani. Hakusema anakula nini. Wahenga wamesema yote, yeye mwenyewe hakusema kitu!"

Madaftari ya wanafunzi wangu yalikuwa pale pale kwenye mkeka, na kalamu nyekundu nilikuwa nimeichomeka kwenye nywele, chini ya ushungi. Sikufikiri. Nikaisahihisha barua yako kama kazi ya kidato cha pili. Pale penye mboni ya jicho nikaandika, "Ushahidi uko wapi?" Pale penye chanda chema, "Haihusiani na dai." Penye kila mtu, "Nani hasa?" Na pale mwisho, penye mgeni na mwenyeji, nikaandika, "Nani mgonjwa?" Chini kabisa nikaweka, "Rudia kazi hii." Mama alishika kichwa kwa mikono yote miwili, mafuta na yote. Mjomba alicheka mpaka kigoda kikampindua, kisha akaikunja barua mwenyewe na kumkabidhi mshenga, ambaye aliondoka ameshiba wali wetu, akiamini amebeba jibu la heri.

Sijutii hata leo.

Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alinisimulia baadaye jinsi ulivyoifungua hapa hapa barazani. Yeye alilia, "Hawa watu wa mashamba wana wazimu!" Akataka ukampose binamu yako siku ile ile. Wewe ukasema neno moja tu, "Amenisoma," ukaingia chumbani ukafunga mlango.

Barua yako ya pili naikumbuka kwa moyo. Haikuzidi ukurasa mmoja. "Nadai kwamba nitamtunza. Ushahidi: tangu baba yangu afariki ninaishi na mama yangu na wadogo zangu, nao wanasoma wote. Waulizeni, shule yao ipo karibu na soko. Nadai kwamba sina hasira. Ushahidi: mmenirudishia barua yangu ikiwa imejaa wino mwekundu kama imechinjwa, na bado nimeandika nyingine." Mjomba aliposikia hilo la mwisho alipiga paja. "Huyu sasa amesema!" Akakohoa.

Lakini ndani ya bahasha ulikuwa umerudisha na ile ya kwanza. Nikaifunua nikidhani umenijibu matusi. Hukujibu chochote, ila sehemu moja. Chini ya lile swali langu, Nani mgonjwa, uliandika kwa kalamu ya kijani, "Mimi."

Maisha yetu yote nilikuwa nawaringia watu kwamba mimi nilikubali kwa ushahidi. Ulijua si kweli. Ulinitazama tu kwa jicho lile, ukaniacha niringe.

Kumbe tulikuwa tumeshaanza somo bila kujua. Baadaye ndilo tulilofundisha, wewe kwenye insha zako, mimi kwenye Historia yangu: toa dai, lete ushahidi, eleza ushahidi wako unalibebaje dai lako, kisha mpe mpinzani nafasi aseme, umjibu kwa adabu. Jumapili baada ya alasiri tulikaa hapa, tumegawana insha mafungu mawili, lako na langu, na katikati sahani ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na kibakuli cha pilipili na chumvi. Pilipili yako wewe, mimi siiwezi. Ulikataa katakata kalamu nyekundu. "Inawatisha watoto, Mama Zuhura. Mtoto akiona nyekundu anajificha." Nami nikakwambia anayejificha kwa wino atajificha kwa kila kitu. Hilo hatukulimaliza mpaka umekufa.

Na watoto wetu wale, ah! Kosa lao lilikuwa lako wewe. Mtoto anadai kwamba elimu ni muhimu, unamuuliza umejuaje, anajibu, "Wahenga walisema, elimu ni bahari." Mwingine anadai kwamba ukataji miti umeharibu kijiji chao, ushahidi wake, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Na wakiishiwa na wahenga, wanamwita Kila Mtu. Kila mtu anajua. Kila mtu anakubali. Unakumbuka ulivyoweka kiti kitupu mbele ya darasa? "Hiki ni kiti cha Bwana Kila Mtu. Amealikwa, tumhoji." Ukakihoji kiti kipindi kizima. "Bwana Kila Mtu, unakaa wapi? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Darasa la jirani walisimamisha hesabu zao wakaja madirishani. Baada ya siku ile, mtoto akiandika kila mtu, wenzake walikuwa wanaguna.

Asha ndiye niliyempenda kuliko wote, yule wa kutoka karibu na kwetu. Aliandika kwamba msimu wa korosho shule isiwaadhibu wanaochelewa. Insha ya kwanza ilikuwa na Mchumia juani hulia kivulini, ikaishia hapo. Uliisoma, ukamwita, hukumfokea. "Methali yako ni nzuri, mwanangu, lakini mkuu wa shule naye anaijua, na bado anawafyekesha nyasi. Mletee asichokijua." Akaenda, akawauliza wenzake mmoja mmoja, nani amechelewa, anatoka wapi, alfajiri alikuwa anaokota korosho za nani. Akaandika upya. Akaweka na mpinzani: mkuu atasema kwamba wapo wanaochelewa kwa uvivu, ni kweli wapo, na hawa ndio wanaochelewa hata msimu ukiisha, kwa hiyo watajulikana. Loo! Uliposoma sentensi ile ulisimama ukaizunguka baraza nzima ukiipeperusha kama kanga. Mkuu hakubadilisha ratiba, lakini msimu ule nyasi za shule zilirefuka, hakuna aliyefyekeshwa. Ulitembea kama mwenye nchi.

Ukaja na somo hilo nyumbani. Ukatunga sheria kwamba ndani ya nyumba hii, anayetaka jambo alete hoja. Hata mimi! Nilipotaka kubadilisha sufuria uliniuliza ushahidi, nikakuonyesha ile iliyotoboka kwa kukuwekea mchuzi ndani yake, ukamwagikia kanzu. Dai likapita. Na Zuhura, hata meno ya mbele hayajaota vizuri, akaja na karatasi: "Naomba tufuge paka. Ushahidi ni huu." Akaliburuta gunia la makopa ya muhogo mpaka miguuni pako, panya wametoboa tundu la kupitisha mkono. Ukamuuliza, "Na mpinzani anasemaje?" Akafikiri, akasema, "Mpinzani ni mama, na mama anaogopa panya." Paka akaja siku ile ile.

Nakukumbuka, Baba Zuhura. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba. Nimekukumbuka mpaka imekuwa ndiyo kazi yangu baada ya kazi. Ulipoanza kuugua presha ulikuwa unasahihisha ukiwa umelala, nakushikia daftari juu, na ulipoondoka insha za wanafunzi wako zilibaki hapa na alama zako za kijani zimefika nusu. Nikazimalizia mimi. Kwa kijani, si kwa nyekundu, ili watoto wasijue ulikoishia.

Sasa nikurudishe kwenye posa. Anaitwa Selemani, fundi wa mafriji, ana banda lake Mtwara mjini, na wavuvi mpaka Msimbati ndiye wanayemwita majokofu yao ya samaki yakigoma. Mkewe alifariki, wanawe wakubwa wanajitegemea. Friji letu ulilolinunua wewe limeugua mara kwa mara, naye ndiye huja. Nilimlipa, nikampa maji ya kunywa, basi. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Barua yake ilipitia kwa Mjomba Bakari, ambaye siku hizi hatembei ila sauti bado anayo. Akanipigia simu anacheka hata hajasalimu. "Mwanangu, imekuja nyingine! Tafuta kalamu!" Mjukuu wake akaileta. Nikaifungua nikiwa nimejiandaa kabisa, kalamu nyekundu mkononi, nataka kumwona huyu fundi atanidanganya na methali zipi. Hakuweka hata moja. "Mimi ni fundi. Naishi peke yangu. Sinywi, swala tano naziswali, imamu wa msikiti wetu ananijua na nimeweka jina lake chini. Najua Mwalimu anamkumbuka mumewe, nami namkumbuka mke wangu, kwa hiyo hakuna atakayemshangaa mwenzake." Nikaisoma juu mpaka chini natafuta pa kuweka wino. Hamna. Nikakasirika mno.

Zuhura alikuwa jikoni. Anasubiri kwenda kidato cha tano, Baba Zuhura, amefaulu, nilikuambia kaburini. Bweni, na mbali. Nikamwambia, "Mwambie babu yako Bakari nimekataa."

"Kwa nini, mama?"

"Watu watasemaje?"

Akatoka jikoni, akavuta kiti chako hiki, akakiweka katikati ya ukumbi. Akakitazama. "Bwana Watu, shikamoo. Mama anasema una neno. Unakaa wapi?"

Nilitaka kumpiga kofi, nikacheka. Halafu nikalia. Halafu nikamwambia kwa hasira, kwa sababu ndiyo silaha pekee iliyobaki, "Kama una hoja, iandike!" Nikajua nimeshinda. Mtoto gani atamwandikia mama yake hoja ya kuolewa?

Jana alasiri aliniwekea karatasi juu ya insha za wanafunzi wangu, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kanigeuzia. Nakuandikia maneno yake.

"Nadai kwamba mama akubali posa. Ushahidi wa kwanza: kila Jumapili mama anagawa insha mafungu mawili. Anasahihisha la kwanza, halafu anakaa kimya muda mrefu kabla ya kulivuta la pili. Ushahidi wa pili: mama hali pilipili, na kila Jumapili anatwanga pilipili. Ushahidi wa tatu: fundi alipokuja mara ya mwisho, mama alibishana naye kama friji lizimwe umeme ukikatika au liachwe. Fundi alisema lizimwe na akaeleza sababu. Mama akasema alete ushahidi. Fundi akaleta kifaa kilichoungua. Walibishana mpaka maghribi. Mimi nilikuwa chumbani, na sauti ya mama ilikuwa ile ya zamani, ya wakati wa baba. Ushahidi wa nne: mimi naondoka, na paka hajui kubishana.

"Mpinzani atasema kwamba baba hajasahaulika. Ni kweli, hajasahaulika. Dai langu halihitaji asahaulike."

Niliposoma hapo, Baba Zuhura, nilirudi juu nikasoma tena. Ulimfundisha wewe hilo. Kumkubalia mpinzani lililo lake, kisha kumwonyesha kwamba halizuii mlango. Mimi namfundisha nani tena?

Nikashuka mpaka mstari wa mwisho, natafuta kosa, hata moja, nipate pa kujishikiza. Nikalipata. Alikuwa ameandika, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mkono ukaenda wenyewe. Nikaandika kwa nyekundu, kama nilivyoandika nikiwa msichana kwenye mkeka wa Mpapura, "Nani mgonjwa?" Zuhura akageuka pale mlangoni akaniona naandika, akajua ni nini, maana kisa hicho amekisikia tangu yuko mgongoni. Akaja na kile kikombe cha kalamu zako, ambacho sijakigusa tangu nimalizie zile insha, akakiweka mbele yangu.

Kalamu ya kijani ilikuwa imekauka. Nikaikung'uta, nikaichezesha pembeni ya gazeti mpaka ikakubali. Kisha, chini ya swali langu mwenyewe, nikaandika jibu lako.

Mimi.

Leo asubuhi nimempigia Mjomba Bakari nimwambie fundi aje na watu wake. Mjomba akauliza, hajasahihishwa popote? Nikamwambia hapana. Akakohoa kwenye simu, kile kikohozi chake. Kiti chako Zuhura amekirudisha barazani, na insha za Jumapili hii nimeziweka fungu moja.

Nakuaga, mume wangu, si kwa kukuacha. Kanzu zako nitazitoa sadaka baada ya Ijumaa. Barua yako yenye wino wangu na wako, hiyo siitoi, na huyo anayekuja nimeshamtumia neno ajue hivyo mapema. Pumzika kwa rehema za Mola, na unisamehe kwa kila ushahidi niliokudai nikiwa nao tayari.

Aliyekupenda kabla hujaandika upya,
Mama Zuhura